Kitanda cha Wawili, Daraja la Wengi

4 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo? Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu aliyezeeka bila kuombwa ruhusa. Anayeniandikia ni jirani yangu Mkunga. Tangu astaafu mkono wake hauna mtoto wa kupokea, basi unamwasha. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ukikuta neno la adabu humu ndani, jua ni lake.

Nyumbani wazima. Kaka yako ametengeneza bati la jikoni, sasa linavuja mahali papya. Mbuzi amekula ncha ya kamba niliyoweka kuwambia kitanda cha fundi viatu. Kitanda kimechelewa na mbuzi anakohoa. Bibi yako mdogo wa ng'ambo ya bonde anakusalimu. Goti langu halishuki tena bondeni, naye hana nguvu ya kupanda, kwa hiyo kila asubuhi yeye anapunga kitambaa chekundu kule, nami napunga changu huku. Dada wawili tumekuwa kama watu wa stesheni.

Usiniambie nikupigie simu. Simu yako naijua. Unasema "niko salama, Bibi," nikiuliza la pili sauti inakatika. Barua haikatiki.

Neno lenyewe ni hili. Wameleta vyuma bondeni, wanajenga daraja la miguu kutoka huku kwenye tanuri la matofali hadi kule stesheni, na nasikia aliyelichora ni wewe. Nimewaambia wanawake wa tanuri kwamba makamasi yako nimeyafuta mimi. Wakasema daraja hilo lina akili. Nikasema basi limewazidi wengi hapa.

Nieleze ni akili gani. Sitaki kubebwa na kitu nisichokijua.

Bibi yako


27 Februari

Bibi yangu, shikamoo. Mkunga, shikamoo na asante kwa mkono wako.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha lisilofunga, nimelizibia karatasi za michoro iliyokosewa, na kwa bahati nzuri nakosea sana. Ndiyo, nakula. Hapana, bado hakuna mchumba.

Daraja letu ni jepesi, Bibi. Limeshikwa na kamba za chuma ishirini na nne, na kitu chepesi hutikisika. Njia ya zamani ni kuongeza chuma mpaka litulie, lakini kingo za bonde letu ni udongo laini, haziwezi uzito huo. Kwa hiyo chini ya baadhi ya kamba tunaweka vigae. Si vya paa. Ni vidogo kama biskuti, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ukikibana, kigae kinatoa umeme kidogo. Ukikipa umeme, kinajinyoosha, unene wa unywele tu. Kipimo kikihisi daraja linainuka, kompyuta ndogo iliyo ndani ya sanduku inavipa vigae umeme, navyo vinavuta kamba au vinailegeza kwa wakati wake, tena na tena, mpaka mtikisiko unakufa kabla hujaujua.

Shida ni kwamba umeme wa jua tulio nao unalisha seti sita tu. Kamba ishirini na nne, seti sita. Ziwekwe wapi? Hiyo imekuwa kazi yangu miaka miwili. Niliipa kompyuta kubwa ya hapa kazi ya kutafuta mpangilio ulio bora kuliko yote. Ikajaribu elfu arobaini, siku nne haijazimwa, ikajibu: zote sita katikati, na kipimo nacho katikati. Mkuu wa mradi alinipa mkono mbele ya watu wote.

Litakushika goti, Bibi. Nakuahidi.

Mjukuu wako


15 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu zimefika. Mbuzi amepona, kamba haikupona. Mkunga anasema nawe ungekuwa mkunga, maana unaeleza jambo gumu bila kumtisha mtu. Mimi umenitisha.

Sikusoma. Shule ilikuwa ng'ambo na kuni zilikuwa huku. Lakini nimewamba vitanda miaka thelathini, na kitanda ni daraja lililokataa kwenda popote. Mtu akija kutaka kitanda simuulizi urefu, namuuliza wanalala wangapi. Cha mmoja nakaza kamba za katikati, maana ndipo kinapobonyea. Cha wawili nikikaza katikati nimewakosea. Mmoja akijigeuza kwa hasira anashuka, mwenzake anainuka. Mwenzake naye akijigeuza, huyu anarushwa. Na pale katikati hapatikisiki. Weka bakuli la maji, halimwagiki tone. Mimi na babu yako tumegombana kitandani miaka ishirini na sita, najua ninachosema. Cha wawili unakaza robo hii na robo ile.

Sasa nakuuliza, hiyo kompyuta uliiambia nani atapita?

Hapa tanurini wanawake hupita kumi na wanne kwa mstari, matofali kichwani. Nimebeba nao miaka tisa kabla ya goti. Mwenye mzigo hatembei kama wewe unayekwenda dukani. Anakata hatua fupi fupi za haraka, kiuno kinafanya kazi na shingo imetulia. Njia ikiwa nyembamba, kila mmoja anakanyaga pamoja na aliye mbele yake, la sivyo atamparamia. Wanawake kumi na wanne, mguu mmoja.

Nenda kaiulize tena. Na uiulize vizuri, usiwe kama yule aliyeuliza njia huku anakimbia.

Bibi yako


30 Aprili

Bibi, shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mimi mzima. Nimehamia meza nyingine. Haina dirisha, basi na upepo haunisumbui. Kuna bolti za kila aina hapa, nimezipanga kwa ukubwa katika makopo ya rangi, ungependa kuziona. Bawaba za mlango zinalia, nimezitia mafuta.

Habari ya kitanda nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Tutaona.

Bibi mdogo hajambo? Safari hii hukumtaja.

Mjukuu wako


12 Mei

Wewe,

Salamu nimezipokea, lakini leo sirudishi ndefu. Fundi anayechora daraja anapangaje bolti kwenye makopo? Mwaka ule nilipomwambia mwenye tanuri kwamba moto wake mbovu, alinipeleka nyuma nikahesabu matofali yaliyovunjika, mwezi mzima, jua la utosi. Adhabu naijua hata ikivaa kilemba. Meza haina dirisha, mlango unalia: hilo ni ghala. Nani kakuweka humo, na umefanya nini? Kama umeiba, sema, nitakuchapa kisha nitakutetea. Kama umesema kweli, sema vilevile.

Na usiniulize habari za watu wengine kabla hujaleta za kwako.

Bibi yako, na nina hasira, na Mkunga ameandika "hasira" kwa kusita


2 Juni

Bibi, shikamoo.

Sikuiba.

Niliiuliza tena. Kwanza nilikwenda uwanja wa mizigo nikakaa juu ya kreti siku mbili, nikihesabu hatua za wachukuzi. Watu tuliowapima sisi walikuwa wenzangu wa ofisini, wakitembea na mikono mfukoni: hatua mbili kwa sekunde. Wachukuzi wanakaribia tatu. Nikaipa kompyuta mwendo huo, watu kumi na wanne kwa mguu mmoja. Daraja likajikunja kama ulivyosema. Robo moja juu, robo nyingine chini, katikati kimya. Na kipimo chetu kiko hapo hapo katikati, Bibi. Hakisikii kitu, kwa hiyo vigae navyo vinakaa tu. Daraja zima linacheza na akili yake imelala.

Halitavunjika. Linarusha unene wa kidole gumba. Kwa mtu mwenye mikono mitupu ni mchezo. Kwa mwenye matofali kichwani, na ukingo unamfika kiunoni, si mchezo.

Nilimpelekea Mkuu. Akasema, "Kompyuta ilishajibu." Nikasema, "Ilijibu tulichouliza. Tuliiuliza kuhusu sisi." Akasema ataweka bango la kukataza mizigo. Nikamwambia daraja linatoka kwenye tanuri linakwenda stesheni, sasa nani atapita bila mzigo, bwana harusi? Watu wakacheka, na hilo ndilo lililoniponza. Akaninyooshea kalamu nitie sahihi ya mchoraji. Nikamrudishia, na kifuniko chake. Kesho yake nikapewa funguo za ghala.

Amepata fundi mwingine wa kutia sahihi. Tarehe 20 Julai watakuja huko kulijaribu kwa magunia ya mchanga, katikati, mbele ya wakubwa. Likipita, linafunguliwa siku hiyo hiyo.

Najua wote huko mnalisubiri. Nikitia kufuli mlangoni jioni nalifikiria goti lako. Lakini usifanye chochote, Bibi. Nakuomba kwa heshima zote.

Mjukuu wako


26 Juni

Mjukuu wangu mpenzi,

Nimekusikia. Mimi ni mzee, nifanye nini. Nitakaa kizingitini nichambue kamba kama watu wazima wengine.

Kurudisha kalamu umefanya vema. Anayekuharakisha kutia sahihi hataki usome. Mimi nisiyesoma nakwambia.

Kaka yako anakusalimu. Mbuzi amezaa pacha.

Bibi yako

Nyongeza, kwa mkono wa Mkunga mwenyewe. Nimemwambia nakuandikia salamu zangu, na kwa kuwa hasomi, ameniamini. Nilikula kiapo nisikuambie mambo mawili. La kwanza sikuambii, ila ua wa nyumba hii umekanyagwa mpaka nyasi zimekwisha, na jirani wanauliza kwa nini matofali yanaingia asubuhi na kutoka jioni. La pili navunja kiapo, Mungu anisamehe. Kitambaa chekundu hakijapungwa tangu Machi. Bibi yako mdogo yuko kitandani, mkono mmoja na mguu mmoja vimekufa. Barabara ya kuzunguka ni siku nzima ndani ya lori, na bibi yako alijaribu, akarudishwa njiani goti limevimba kama papai. Amekataza usiambiwe. Maneno yake: "Asije akafungua daraja kwa huruma."


8 Julai

Bibi, shikamoo.

Nitasema mawili. Usipande daraja lile na mzigo, wala na wenzako. Hilo la kwanza.

La pili. Nafasi ya sahihi yangu bado iko wazi, maana Mkuu angependa zaidi jina langu kuliko la mgeni. Mtu mmoja anayetembea polepole, mikono mitupu, hawezi kulitikisa. Angevuka salama, akamwona anayetaka kumwona. Nimelifikiria siku tatu, bolti zimenichanganyikia zote.

Uniambie "tia," Bibi. Neno moja tu. Nitatia.

Mjukuu wako


24 Julai

Mke mwenzangu,

Barua yako imefika jana, siku tatu baada ya mambo. Mkunga ameisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtazama usoni. Nimejua amesema. Tumenuniana kutwa. Jioni chai ikatupatanisha, maana majani yalikuwa kwangu na sukari kwake.

Sasa sikiliza.

Tarehe ishirini walikuja na hema na viti vya wakubwa. Mkuu wako ni mrefu, kofia nyeupe, mkononi ana kioo kinachoonyesha mstari. Wakaangusha magunia ya mchanga pale katikati. Mstari ukaruka, ukatulia. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, maana kizuri ni kizuri: vigae vyako vinajua kazi. Yule fundi mwingine akatoa kalamu.

Ndipo tukatoka nyuma ya tanuri. Kumi na wanne, matofali kumi kumi kichwani. Mimi mbele na manne, kwa heshima ya goti. Mlinzi akatuonyesha bango. Nikamwambia, "Mwanangu, sikusoma." Akamgeukia wa pili, ambaye barua za tanuri zote anasoma yeye. Akasema, "Miwani nimeacha nyumbani." Wa tatu akasema, "Mimi huwa namsikiliza yeye." Mlinzi alikuwa bado anatafuta wa nne tulipokuwa tumeshapita.

Mkuu na wageni walikuwa wamesimama robo ya kwanza wakinywa soda. Nikapiga ulimi, ta, ta, ta, wenzangu wakashika. Hatua kama ya thelathini nikakisikia kitanda cha babu yako. Kikaniinua, kikaniacha, kikaniinua. Miguu ilikuwa inaujua wakati, tumefanya mazoezi wiki tano, lakini nakwambia shingo yangu ilisali. Wale wageni wakakamatana mashati. Soda ikamwagika. Mkuu akashika ukingo kwa mkono mmoja, kioo kikiwa katika mkono wa pili.

Nikasimama mbele yake, wenzangu wakiendelea kukanyaga papo hapo. Nikamuuliza, "Mwanangu, hicho kioo kinasemaje?"

Akakitazama. Mstari ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Akasema, "Kinasema limetulia."

Nikamwambia, "Basi achia ukingo."

Hakuachia.

Tukatua mguu, daraja likatulia mara moja. Akauliza nani alitufundisha. Nikasema kitanda. Wageni walidhani ni tusi. Yule fundi mwingine alirudisha kalamu mfukoni akaifungia kifungo.

Tofali moja lilianguka, halikumdhuru mtu. (Lilimdhuru yeye mwenyewe. Dole gumba la mguu wa kushoto. Mkunga.)

Watu wananiambia, ulikuwa umeshafika robo, ungeendelea tu, ng'ambo ile pale. Ni kweli ile pale. Niliiona nyumba ya mdogo wangu na mlango wake. Nikageuka nikarudi na matofali yangu. Ningevuka siku ile, wangesema, mbona yule bibi amevuka.

Kuhusu neno moja unalolitaka. Sikujibu barua yako kwa sababu ilichelewa, na ninashukuru ilichelewa.

Bibi yako


19 Agosti

Bibi, shikamoo. Dole pole.

Funguo za ghala nimerudisha, na makopo yamebaki yamepangwa. Mkuu alikuja mwenyewe mlangoni, akasimama kwanza akitazama mafuta niliyotia. Akasema, "Bibi yako ana ulimi." Nikasema, "Una bahati, siku ile aliutumia kuhesabu hatua." Akaniuliza nahitaji nini.

Nimeiuliza kompyuta kwa mara ya tatu. Nimeipa mwendo wa ofisini, mwendo wa wachukuzi, watoto wanaokimbia, na mzee mmoja mwenye goti bovu. Imechukua siku kumi na moja. Jibu: seti mbili robo hii, mbili robo ile, mbili katikati, na vipimo vitatu badala ya kimoja. Kwa mwendo wa wenzangu wa ofisini si bora kama ule wa kwanza, daraja litapepesuka kidogo. Watavumilia.

Vigae vinahamishwa sasa. Kujaribu upya ni 3 Oktoba. Mkuu anawaomba wanawake kumi na wanne waje na matofali yao. Ameandika barua ya heshima, ina muhuri, iko ndani ya bahasha hii. Bango la mizigo limeng'olewa.

Nakuja mwenyewe. Kalamu iko kwangu safari hii, na sahihi ni yangu peke yangu. Ninaogopa, Bibi. Nikisimama pale nitaiona nyumba ya bibi mdogo.

Mjukuu wako


6 Septemba

Mke mwenzangu,

Hujambo? Sisi wazima. Pacha wa mbuzi wameanza kula kamba, ukoo wao ni mmoja.

Barua ya muhuri imesomwa tanurini mara nne. Wa pili ameipata miwani yake. Wamekubali, kwa masharti. Matofali yangu manne atabeba Mkuu, kichwani, bila kushika kwa mkono. Nitampa kata nzuri ya kitambaa ya kuweka chini ya matofali, sitamtesa. Akitetereka asitafute kioo.

Bibi yako mdogo yu hai. Binti yake amekitoa kitanda nje mama yake aote jua, kile cha wawili nilichowamba mwaka alioolewa, bado hakijalegea. Jana asubuhi nilitazama muda mrefu, macho nayo si ya jana. Kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mguu wa kitanda. Sijui kakifunga mwenyewe kwa mkono uliobaki au kafungiwa. Kilikuwa kinacheza kwa upepo. Nilipunga changu mpaka bega likakataa. Nimekwambia haya mimi mwenyewe ili usije ukayasikia kwa Mkunga kwa mlango wa nyuma, na ili uje ukiyajua yote.

Basi siku hiyo uvue viatu, usimame robo ya pili, ile ya ng'ambo. Uipe nyumba ile kisogo. Sisi tutaingia na mguu wetu mmoja, tutakuja mpaka ulipo. Nitakuwa mbele, nitakuwa nimechoka, na ng'ambo itakuwa hatua chache nyuma yako. Huenda nikakwambia, mjukuu wangu, imetosha, tia. Mimi ni binadamu, na yule ni mdogo wangu.

Wewe sikiliza nyayo zako. Zikisikia daraja linarusha hata kidogo, irudishe kalamu kwenye kifuniko chake. Hata nikikuomba mimi.

Bibi yako